Sindano kavu kwa shingo sugu: hutuliza, lakini kazi kubwa ni ya mgonjwa mwenyewe

Ukisimama mpakani Kobero asubuhi, wakati wafanyabiashara wadogo wanapovuka kutoka Kabanga na mizigo yao, jaribu kwa dakika chache kusahau bidhaa, uangalie shingo za watu. Utamwona mama mwenye mfuko wa unga kichwani na mtoto mgongoni. Akiitwa kutoka pembeni hageuzi kichwa, anageuka mwili mzima kama mlango. Utamwona kijana mpagazi anayejikanda bega kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukipokea noti. Ukiwauliza, jibu ni lile lile: shingo imekakamaa, shingo imekufa, huu ni mwaka wa tatu.

Maradhi haya hayaui, na labda ndiyo sababu hayana kampeni wala tangazo redioni. Lakini yanakula mtaji polepole. Mama wa biashara ndogo asiyeweza kubeba mfuko wake analazimika kumlipa mpagazi, na ile faida aliyokuwa anaitegemea kununulia watoto madaftari inaishia hapo hapo barabarani. Akiendelea kubeba huku anaumia, analala vibaya, anaamka kichwa kinagonga, na duka la dawa linachukua kilichobaki.

Katika makala haya nataka kueleza tiba ambayo baadhi ya wataalamu wa viungo katika ukanda wetu wanaitumia siku hizi: sindano kavu, pamoja na mazoezi yanayofuatana nayo. Wenzetu wa Tanzania huiita kazi ya wataalamu hao fiziotherapia; sisi huku, kwa mazoea ya Kifaransa, tunasema tunakwenda kwa kine. Ni mtu yule yule. Nimechomwa sindano hizo mimi mwenyewe, kwa hiyo nitaeleza niliyoyaona, kisha nitaeleza na yale ambayo utafiti umeonyesha, maana mambo hayo mawili hayalingani kila mahali.

Mimi ni mmoja wa waliorejea. Nilirudi mwaka 2006 kutoka kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu, ile iliyofungwa mwishoni mwa mwaka 2012. Ndugu msomaji uliyepita huko unalikumbuka dumu la lita 20, kutoka bombani hadi mlangoni, asubuhi na jioni, juu ya ngata ya khanga iliyochakaa. Baada ya kurudi nilibadilisha mzigo tu: nikaanza kuinamia kompyuta kutwa nzima na kwenda vijijini kwa pikipiki. Maumivu yalianza upande wa kulia, pale shingo inapokutana na bega. Yakapanda nyuma ya sikio, yakafika kwenye panja, yakajikita nyuma ya jicho. Ikifika saa tisa alasiri sikuweza kusoma mstari.

Daktari wa macho alinipima akakuta macho ni mazima. Picha ya eksirei ilionyesha pingili za shingo zimechakaa kidogo, jambo ambalo daktari alisema angelikuta kwa watu wengi wa umri wangu, wakiwemo wasioumwa chochote. Vidonge vya diklofenaki vilinipa nafuu ya saa chache, kisha vikaanza kunichoma tumbo. Ndipo nikaelekezwa kwa kine.

Nilimkuta mwanamke kijana, ambaye jina lake naliacha kwa ombi lake. Alinishangaza kwa jambo moja: kwa karibu nusu saa hakunigusa. Aliuliza tu. Je, mzee, mkono unakufa ganzi? Vitu vinakudondoka mkononi? Miguu inayumba ukitembea gizani? Unapata shida ya kuzuia mkojo? Umepungua uzito? Unatoka jasho usiku? Ulianguka na pikipiki hivi karibuni? Nilijibu hapana kila mara, nikaanza kuona kama ananipotezea muda.

Alipomaliza alinieleza sababu, na maelezo hayo yana thamani kuliko sindano zote nilizochomwa baadaye. Maumivu mengi ya shingo ni ya misuli na viungo, na hayo ndiyo kazi yake. Lakini machache yana mwenyewe mwingine. Kifua kikuu kinaweza kuingia kwenye mifupa ya uti wa mgongo, nacho huja na homa, jasho la usiku na kukonda. Mkono unaopoteza nguvu, au miguu inayoyumba na mkojo usiozuilika, huweza kuwa dalili kwamba mishipa ya fahamu au uti wenyewe umebanwa. Shingo iliyokakamaa ghafla pamoja na homa kali na kichwa kuuma ni hofu ya homa ya uti wa mgongo, na mtu huyo anatakiwa hospitali saa ile ile, si kesho. Aliyeanguka kutoka kwenye baiskeli au lori akabaki na maumivu ya shingo asikandwe na mtu yeyote kabla ya kupigwa picha. Saratani nayo inaweza kujificha humo. Kumkanda au kumchoma sindano mgonjwa wa namna hiyo ni kumchelewesha, na wakati mwingine ni kumlemaza.

Baada ya maswali ndipo akaanza kupapasa. Alishika ule msuli mpana unaoshuka kutoka kisogoni hadi begani kwa vidole viwili, kama mtu anayepima kitambaa sokoni, akausugua taratibu mpaka akafika mahali palipokuwa na kamba ngumu, na ndani ya kamba hiyo kitu kama punje ya haragwe. Alipoibana, maumivu yakaruka moja kwa moja hadi nyuma ya jicho.

“Ndiyo yenyewe?” akauliza.

“Ndiyo yenyewe,” nikajibu.

Hicho ndicho wataalamu wanachokiita fundo la msuli. Sifa yake ni hiyo: ukilibonyeza mahali pamoja, mgonjwa anaumia mahali pengine. Msuli huu wa bega hupeleka maumivu kwenye shingo, nyuma ya sikio na kwenye panja. Kwa hiyo mtu anatibiwa kichwa miaka miwili, na kichwa hakina kosa.

Aliyechora ramani za maumivu haya kwa uvumilivu kuliko wengine alikuwa daktari wa Marekani, Janet Travell, ambaye mwaka 1961 alikuja kuwa daktari wa Rais John Kennedy. Kennedy alikuwa na mgongo mbovu, na Travell alikuwa amemtibu tangu miaka ya 1950 kwa kumchoma dawa ya ganzi ndani ya misuli. Mwaka 1983, akishirikiana na David Simons, alitoa kitabu kikubwa kuhusu mafundo hayo, msuli kwa msuli. Kwa Travell, sindano ilikuwa na dawa ndani yake.

Sindano ilipata kuitwa kavu kwa sababu ya swali ambalo lingeweza kuulizwa na mtu yeyote: je, kinachotuliza ni dawa, au ni ule mchomo? Daktari Karel Lewit wa Prague alilifuatilia, na mwaka 1979 akachapisha matokeo yake katika jarida la Pain. Alikuwa amewachoma wagonjwa 241, katika sehemu 312 za maumivu, kwa sindano isiyo na dawa yoyote. Katika asilimia 86.8 ya sehemu hizo maumivu yalipungua papo hapo pale sindano ilipopiga penyewe hasa. Wengi husimulia habari ya Lewit wakaishia hapo. Lakini Lewit alifuatilia pia nini kilitokea baadaye, na hapo habari inakuwa ya kawaida zaidi: kwa baadhi nafuu ilidumu, kwa wengine ilikuwa ya miezi, kwa wengine ya wiki, na kwa wengine siku chache tu. Tuikumbuke sehemu hiyo, maana nitairudia.

Wengi huuliza kama hii ndiyo ile tiba ya Wachina. Sindano zenyewe zinafanana: nyembamba sana, unene kama robo ya milimita, zisizo na tundu ndani. Tofauti ipo katika kufikiri. Mganga wa Kichina anafuata njia za nguvu za mwili kama zilivyofundishwa katika mapokeo yake. Mtaalamu wa sindano kavu anatafuta fundo analoweza kuligusa kwa kidole, kisha analichoma hilo. Mahali pengi zinapochomwa panaangukiana, na mimi sioni haja ya ugomvi.

Sasa kuchomwa kwenyewe. Ngozi haikuuma, niliona kama mbu. Alikuwa ameubana msuli na kuuvuta juu, mbali na mbavu, akaingiza sindano upande ndani ya nyama aliyoishika. Kisha akaisogeza kidogo, juu na chini. Mara ya tatu au ya nne msuli wenyewe ukaruka, kama samaki anayenaswa na ndoano. Hapo niliumia: maumivu mazito, ya kubana, yaliyopanda hadi jichoni kwa sekunde kadhaa, kisha yakaachia. Aliniambia kuruka huko ndiko anakokutafuta. Alirudia sehemu tatu. Jioni ile bega lilikuwa zito kama nimebeba magunia, na kesho yake bado lilikuwa na kidonda cha ndani. Siku ya tatu niliamka nikageuza kichwa kulia mpaka nikaona bega langu, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu mwaka uliotangulia.

Nilirudi kwake wiki iliyofuata nikiwa na furaha, nikitaka sindano nyingine. Yeye akanipa mpira.

Ulikuwa kipande cha tyubu ya baiskeli, kirefu kama mita moja na nusu. Hapo ndipo tiba ilipoanza, na yeye alinieleza hivyo bila kuficha: sindano imefungua mlango kwa wiki mbili au tatu, na ndani ya wiki hizo msuli lazima ufundishwe kufanya kazi, la sivyo fundo litarudi mahali pake na wewe utarudi kwangu na pesa. Maneno yake hayo nayaona ya kweli zaidi kuliko matangazo ya kliniki nyingi.

Zoezi la kwanza halihitaji hata mpira. Unakaa wima, unarudisha kidevu nyuma taratibu kama mtu anayejitengenezea kidevu cha pili, bila kuinama wala kutazama juu. Unashika sekunde tano, unaachia. Mara kumi. Ni zoezi linalochekesha, na mke wangu alicheka. Lakini linaamsha misuli midogo iliyo mbele ya shingo, ambayo kwa watu wenye maumivu sugu huwa imelala na kuiachia misuli ya bega kazi yote.

La pili ni kuvuta mabega nyuma. Unafunga tyubu kwenye nguzo au kitasa cha mlango, unashika ncha mbili, unavuta viwiko nyuma mpaka mifupa miwili ya mgongoni ikaribiane, kisha unarudi polepole. Polepole ndiyo siri. Ukiachia ghafla hujafanya kitu. La tatu ni kukanyaga katikati ya tyubu na kuinua mikono pembeni mpaka usawa wa mabega, viwiko vimelegea kidogo, kisha kuishusha. Nilianza na mara nane, nikaongeza kila wiki.

Zoezi hili la tatu lina ushahidi ambao mfanyabiashara angependa kuusikia, maana linagusa muda. Mwaka 2011 watafiti wa Denmark, Lars Andersen na wenzake, walichapisha matokeo ya jaribio la wafanyakazi wa ofisini 198 wenye maumivu ya mara kwa mara ya shingo na bega. Kundi moja lilifanya mazoezi ya kuinua mikono kwa mpira dakika 2 kwa siku, siku tano kwa wiki. Kundi la pili dakika 12. La tatu halikupewa mazoezi, likapelekewa maelezo ya afya tu. Baada ya wiki 10 makundi yote mawili ya mazoezi yalikuwa na maumivu pungufu kuliko lile la tatu, na waliofanya dakika 2 hawakuachwa mbali na waliofanya 12. Ni kweli wale walikuwa watu wa ofisini Ulaya, si wapagazi wa Kobero au Manyovu. Hata hivyo msuli wa bega ni ule ule.

Na sindano kavu, utafiti unasemaje? Kwa kifupi ni kwamba majaribio mengi yaliyokusanywa pamoja yanaonyesha inapunguza maumivu ya shingo kuliko kutofanya kitu au kuchomwa sindano ya uongo, na nafuu hiyo inaonekana zaidi katika wiki za mwanzo. Kwa muda mrefu tofauti inafifia. Majaribio mengi ni madogo, na mgonjwa ni vigumu kumficha kama kachomwa kweli au la. Wapo pia wanaokataa habari yote ya fundo. Mwaka 2015 John Quintner na wenzake waliandika katika jarida la Rheumatology kwamba nadharia ya mafundo haijathibitika, kwamba wataalamu wawili wakimpapasa mgonjwa mmoja mara nyingi hawakubaliani fundo liko wapi, na kwamba huenda tatizo liko katika mishipa ya fahamu inayopeleka habari za maumivu. Nilimpelekea kine wangu hoja hiyo. Hakukasirika. Alisema anachojua ni kwamba mgonjwa aliyepata nafuu anakubali kufanya mazoezi, na anayeumia hakubali.

Kwa maoni yangu hapo ndipo penye faida ya sindano hii kwa watu wetu, na pia penye mpaka wake. Inanunua muda. Anayelipia sindano mara kumi bila kuvuta mpira hata mara moja ananunua muda asioutumia. Na yule asiye na uwezo wa kulipia sindano hajakosa tiba. Amekosa njia ya mkato ya kuianza. Atasonga taratibu zaidi, wiki sita hadi nane badala ya mbili au tatu, lakini sehemu inayoshika ni ile isiyouzwa.

Niingie kwenye hatari, kwa sababu neno sindano linavuta watu wasiostahili kuishika. Sehemu ya juu ya pafu inafika juu kuliko wengi wanavyodhani, karibu na shina la shingo, chini tu ya msuli ule wa bega. Sindano ikipelekwa wima kwenda chini na mtu asiyejua, inaweza kutoboa pafu, hewa ikaingia kifuani na pafu likasinyaa. Ni nadra, lakini imetokea, tena mikononi mwa waliosoma. Ukichomwa shingoni, begani au mgongoni, kisha baadaye, hata saa kadhaa baadaye, ukapata pumzi fupi, kikohozi kikavu au maumivu ya kifua unapovuta hewa, usisubiri asubuhi. Nenda hospitali ukawaambie: nimechomwa sindano hapa.

Lingine ni usafi. Kila sindano inatoka kwenye pakiti iliyofungwa mbele ya macho yako, inatumika mara moja kwa mtu mmoja, inatupwa kwenye boksi la vitu vyenye ncha kali. VVU na homa ya ini havijali kama sindano ina dawa au haina. Anayekwambia sindano zake anazichemsha, mshukuru uondoke. Mwenye kutumia dawa za kuzuia damu isigande, mwenye kidonda au uvimbe mahali pale, na mama mjamzito, waseme kabla ya kulala kitandani.

Na kuna sindano nyingine kabisa ambazo watu wanazichanganya na hizi. Katika masoko ya mpakani kuna wauzaji wa dawa wanaochoma diklofenaki au deksamethazoni kwenye kalio, mtu anainuka anabeba mzigo wake kama hana kitu. Nimeona foleni yake siku ya soko. Dawa hizo zina kazi yake, lakini zikichomwa kila wiki, bila kipimo, kwa mtu mwenye shinikizo la damu au vidonda vya tumbo asivyovijua, zinaweza kumharibu figo, kumtoboa tumbo au kumpandisha sukari. Nafuu ya siku moja isiyofuatwa na zoezi lolote ni mkopo wa riba kubwa. Kuhusu kuumikwa kwa pembe, wazee wetu wamekutumia na wengine wanakusifu. Ninachosisitiza ni wembe. Uwe mpya.

Bado mzigo wenyewe haujaguswa, na msomaji wa mpakani ataniuliza: wewe unanipa mpira, mimi kesho nabeba kilo 30. Ni swali la haki.

Kubeba kichwani si ujinga, na wataalamu wa nje wanaokuja kutucheka wangesoma kwanza. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kijaluo waliobeba kichwani na wa Kikuyu waliobeba kwa kamba ya paji la uso. Waligundua kwamba mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea matumizi ya nguvu hata kidogo. Ukizidi hapo, gharama inaanza kupanda. Piga hesabu: mama wa kilo 60, asilimia 20 ni kilo 12. Dumu la lita 20 tayari limepita.

Lakini kutochoka si sawa na kutoumia. Watafiti wa Ghana waliandika mwaka 1994 kuhusu uhusiano wa kubeba kichwani na kuchakaa kwa pingili za shingo, na mwaka 2018 Jo-Anne Geere na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa Afrika Kusini, Ghana na Vietnam: watu waliobeba maji, wakiwemo walioacha zamani, walilalamika zaidi maumivu ya mikono na sehemu ya juu ya mgongo, kwa mpangilio ambao watafiti waliuhusisha na shingo kukandamizwa kutoka juu. Niliposoma maneno “walioacha zamani” nililikumbuka lile bomba la Mtabila.

Kine wangu hakuniambia niwaambie mama zetu waache kubeba. Anatoka familia ya wafanyabiashara wa mawese wa Nyanza-Lac, anajua biashara. Ushauri wake ulikuwa wa kupunguza pigo. Mfuko mmoja wa kilo 30 ni mbaya kuliko mifuko miwili ya kilo 15 kwa safari mbili, hata kama safari mbili zinachosha miguu. Miguu inavumilia kuliko shingo. Ngata iwe nene na pana, iliyosokotwa imara, mzigo ukae katikati ya utosi usilazimishe kichwa kukaa upande mmoja. Hatari kubwa iko wakati wa kutwika na kutua: usijitwike peke yako kwa kuzungusha mzigo, omba mtu, na unapotua piga magoti kwanza. Usigeuze shingo ukiwa umebeba. Geuka miguu, kama yule mama wa Kobero anavyofanya kwa sababu ya maumivu. Njia ikiwa tambarare, wafanyabiashara watatu wakikodi toroli au baiskeli pamoja, kila mmoja analipa kidogo, na hesabu mara nyingi inakubali. Walio na mtoto mgongoni, mtoto na mzigo wa kichwani kwa pamoja ni mzigo mmoja. Hesabuni wote wawili.

Simu nayo inaingia. Mama anayebeba kutwa, jioni anainamia simu saa mbili kuhesabu pesa zilizoingia na kujibu ujumbe, anaufunga msuli ule ule aliouchosha mchana. Iinue simu, usiinamishe kichwa.

Kwa wanaotaka kwenda kwa kine: hospitali kubwa za Bujumbura zina vyumba vya kazi hiyo, na upande wa Tanzania, KCMC ya Moshi imefundisha wataalamu wa viungo kwa miaka mingi, ambao utawakuta katika hospitali nyingi za mikoa. Si kila mmoja wao anachoma sindano kavu, na hiyo si kasoro. Mazoezi wote wanayajua. Bei sitaitaja kwa sababu inatofautiana mno kati ya hospitali ya serikali na kliniki binafsi. Uliza kabla ya kulala kitandani: umejifunza wapi kuchoma, nitakuja mara ngapi, na baada ya hapo utanipa mazoezi gani ya nyumbani? Mara tatu hadi sita zinatosha kujua kama sindano inakusaidia. Anayekuandikia mara 20 tangu siku ya kwanza, na hana zoezi hata moja la kukupa, anakufanyia biashara. Beba picha zako za eksirei za zamani na maboksi ya dawa unazotumia, hata zile ulizonunua sokoni. Kine atataka kuziona.

Mimi nilichomwa mara nne kwa jumla. Mwaka wa pili huu sijarudi kitandani pale, ingawa bega hunikumbusha nikiendesha pikipiki siku nzima kwenye barabara mbovu, na siku hizo huongeza mara tano za kuvuta. Tyubu tafuta ya baiskeli, iliyokwisha tupwa na fundi inatosha, ikate pasipo kiraka. Ya pikipiki ni ngumu mno kwa anayeanza.